Mbele ya K

Jumatatu asubuhi niliona jina la mama yangu mdogo kwenye orodha niliyoitia saini mimi mwenyewe. Namba saba: Brigitte Ilunga, soko la Kashikishi, vipande vya kukaushwa kwa moshi, mpumbu. Saini yangu niliiweka Ijumaa, kikombe cha chai kikiwa mkono wa kushoto, wala sikujua namsainia nani. Sisi wa maabara tunaletewa sampuli zenye namba tu. Majina hukaa kwa mkuu wa mradi, naye huyaongeza baada ya saini.

Mpumbu ni samaki aliyekuwa amejaa Ziwa Mweru zamani, na sasa wamebaki wa kuhesabika. Tangu Mei chama cha soko kilikuwa kimekubaliana na mradi wetu wa kulinda samaki: mwanamke atakayekutwa anauza mpumbu anapoteza meza yake, na jina lake linasomwa kwa kipaza sauti siku ya Alhamisi, soko zima likisikia. Mama Brigitte ana meza hapo miaka kumi na tisa. Meza hiyo ndiyo iliyonisomesha biokemia Lubumbashi, ndiyo iliyonivusha ziwa kuja Nchelenge kufanya kazi. Zilikuwa zimebaki siku tatu inyang'anywe kwa karatasi yangu.

Niliingia ofisini kwa ba Bwembya bila kubisha hodi. Huyo ndiye mkuu wetu; "ba" ni neno la heshima la Kibemba, kama "mukwai".

"Huyu Brigitte ni mama yangu mudogo," nikamwambia. "Haiko mwizi."

"Ba Gaëlle, mukwai, mashini haiko na ndugu," akanijibu. "Na saini ni yako."

Alisema kwa upole, hata akanisogezea kiti, na upole ule ndio ulionichoma. Angenifokea ningejua la kufanya. Nilisimama pale nikimtazama anavyonyoosha makaratasi yake, kila ukingo ukae sawa na mwenzake, nikaona kwamba kwake jambo hili limekwisha na anangoja nitoke. Nikatoka.

Niseme kazi yenyewe, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka. Protini ni mnyororo mrefu, na kila pingili ya mnyororo huo tunaiandika kwa herufi moja. Samaki mmoja ana mpangilio wake wa herufi, samaki mwingine ana wake. Kipo kimeng'enya kinachokata mnyororo huo, na hakikati ovyo: kile tunachokitumia sisi kinatafuta herufi mbili tu, K na R, hapo ndipo kinapokata, isipokuwa kama herufi inayofuata ni P. Sisi maabara tunakiita kisu. Ukichukua kipande cha ngozi ya samaki, ukakiyeyusha na kukitilia kisu hicho, unabaki na vipande vidogo vidogo. Mashine inavipima uzito. Lakini uzito peke yake haukuambii kitu mpaka uwe na jedwali linalosema: mnyororo wa mpumbu ukikatwa, vipande vyake vitakuwa na uzito huu, na wa samaki mwingine uzito ule. Jedwali hilo linatengenezwa na programu inayosoma herufi na kutabiri kisu kitakata wapi. Kanuni za kisu nilizitaja mimi. Programu aliiandika Kabaso, mtu wetu wa kompyuta.

Tangu Mei tulikuwa tumepima sampuli saba zilizotiliwa shaka, na zote saba zikatoka mpumbu. Saba kwa saba. Mtu mwenye akili angeshtuka. Sisi tulipongezana. Tulisema hawa akina mama wa ng'ambo, Wakongo, ni wajanja, wanakata kichwa ili samaki asijulikane, lakini mashine imewashinda. Mimi pia nilisema hivyo, kwa Kiingereza kibovu, mbele ya wageni waliokuja kututembelea.

Jumanne nilikwenda Kashikishi. Mama Brigitte alikuwa anakwangua wavu wa kukaushia, mikono imejaa masizi mpaka viwikoni, na majirani zake wa meza walikuwa wamekwisha kusikia. Nilijua kwa jinsi walivyoacha kuongea nilipofika. Mmoja alikuwa amekwisha kusogeza beseni lake nusu hatua kuelekea kwenye meza ya mama, kama mtu anayepima chumba kabla mpangaji hajatoka. Nilitaka kulipiga teke.

"Mama, ile samaki balichukua kwako iko nini?"

"Iko pale," akasema. Pale ndilo jina la samaki mwenyewe, perege wa ziwa letu, na Kiswahili kinatuchekesha kila siku kwa ajili yake. "Nilinunua ku boti ya Kilwa, nikakata kichwa mie mwenyewe. Kichwa njo badudu banaingia mbele."

"Kweli, mama?"

Aliweka kisu chini. Hakupandisha sauti.

"Gaëlle. Mpumbu naijua mu giza, ku harufu tu. Mafuta yake inadondoka mu moto, inafanya moshi muzito, unalia machozi. Banamama bote ku hii soko banaijua. Na weye, mutoto yangu, unaniuliza kweli?"

Sikuwa na pa kuficha uso. Nilikuwa nimeuliza kwa sababu sehemu yangu moja, ile yenye diploma, iliamini karatasi kuliko yeye. Nikaanza kumweleza habari za jedwali na uzito na asilimia, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wateja wanaosema samaki wake ni wadogo.

"Bien," akasema. "Na hiyo mashini yenu, mulisha kuipatia pale ya kweli? Nzima, na kichwa yake, kila mutu anaona hii iko pale? Inasema nini?"

Hatukuwahi. Miaka miwili ya mradi, viyoyozi viwili, jenereta, mabango yenye nembo, na hakuna aliyewahi kuweka mbele ya mashine samaki anayejulikana ni nani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafukuzwa maabara kwa kosa hilo.

Jumatano alfajiri nilinunua pale mkubwa bandarini, bado anapiga mkia, nikambeba kwenye beseni mpaka Nchelenge. Nilimwita Kabaso, nikamwambia aangalie vizuri kichwa, mapezi, magamba, kisha aandike kwenye karatasi kwamba ameona kwa macho yake samaki huyu ni pale. Kabaso ni mtu wa hapa hapa Nchelenge, mkimya, mama yake aliwahi kuuza chisense, dagaa wa ziwa letu, karibu na meza ya Mama Brigitte. Akaandika bila kuuliza. Tukakata ngozi, tukayeyusha, tukatia kisu, tukangoja. Alasiri mashine ikatoa jibu: mpumbu, asilimia tisini na saba.

Kichwa cha samaki kilikuwa bado mezani, juu ya gazeti.

Nilimgeukia Kabaso kwa hasira yote niliyokuwa nimeikusanya tangu Jumatatu. Nilimwambia ameua jina la mama yangu. Nilimwambia mtu asiyejua kusoma kanuni mbili asiguse programu. Nilisema na mengine ambayo siyarudii hapa. Kabaso alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa. Miaka miwili iliyopita, nilipofika, Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu na yeye hana Kifaransa, kwa hiyo kanuni nilimtajia kwa Kiswahili na yeye akaandika neno kwa neno. Iliandikwa hivi: kisu inakata mbele ya K, na mbele ya R, isipokuwa kama P inafuata.

"Eh, ni sawa kabisa," nikasema. "Juu ya nini hukuandika vile ku programu?"

"Niliandika vile. Kisu kwanza, K nyuma."

"Hapana. K kwanza, kisu nyuma. Mbele ya K." Nikaburuta kidole mezani kutoka kushoto kwenda kulia. "Mnyororo unasomwa huku. Mutu anatembea huku. Mbele yake ni wapi? Ni kule anaenda. Ukifika ku K, unapita, unakata mbele yake."

"Awe, hapana, ba Gaëlle." Alitikisa kichwa polepole. "Mbele ya kula, unanawa. Kunawa ni kwanza, kula inafuata. Mbele ya kulala, unafunga mulango. Ni ba mayo Brigitte alinifundisha Kiswahili, tangu niko mudogo. Mbele ya K, kisu ni kwanza, K inafuata."

Nikaisoma tena ile kanuni kwenye daftari. Asubuhi ileile nilikuwa nimemwambia asinisemeshe mbele ya chai. Sisi wa Katanga tunalitumia neno hilo kwa mambo yote mawili, la mahali na la wakati, na hatukosei kwa sababu hakuna anayepanga chai na herufi kwenye mstari mmoja. Nilimpa mtu kanuni ya kisayansi kwa neno lenye sura mbili, na yeye akachagua sura aliyofundishwa na mama yangu mwenyewe.

Unaweza kuuliza kwa nini hatukuligundua kosa mapema. Ni kwa sababu lilijua kujificha. Kipande kilicho kati ya K na K, ukikinyang'anya K ya mkiani na kukibandika K kichwani, uzito wake haubadiliki hata chembe, na vipande vya protini ya dukani tulivyojaribia mwanzoni vilikuwa vya namna hiyo. Tukaona vinalingana, tukaenda kula. Balaa liko pale kipande kinapoanza baada ya K na kuishia na R. Programu yetu iliondoa R mkiani ikaweka K kichwani, na K ni nyepesi kuliko R kwa ishirini na nane. Sasa katika kipande kilekile tulichokitegemea kutofautisha samaki, mpumbu ana herufi moja inayomfanya awe mzito kuliko pale kwa ishirini na nane. Jedwali letu lilimpunguzia mpumbu uzito mpaka akalingana na pale. Kila pale aliyeingia kwenye mashine ile alitoka na jina la mpumbu. Ingekuwa hivyo hata tungewapima elfu.

Kabaso alirekebisha kwa kubadilisha alama moja. Tukapitisha upya matokeo yote ya tangu Mei, kwa kuwa uzito uliopimwa ulikuwa umehifadhiwa, jedwali tu ndilo lililokuwa bovu. Namba moja, pale. Namba mbili, pale. Tulikwenda hivyo mpaka namba saba, na kufikia hapo Kabaso alikuwa amekaa chini sakafuni.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Mm," akasema. Sikustahili zaidi ya hapo.

Ba Bwembya alitusikiliza hadi mwisho. Alielewa haraka, si mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akavuta kalamu, akafuta namba saba kwenye orodha, akaandika pembeni: hitilafu ya kompyuta.

"Ba mayo anarudi ku meza yake," akasema. "Kesho nitasoma mwenyewe. Umefurahi?"

"Na bale sita?"

"Bale balisha kuenda, mukwai. Hakuna alileta malalamiko. Ukifungua ile maneno, soko itasema kila kitu yetu ni uongo, na mpumbu itaisha kweli. Unataka mpumbu iishe?"

Nimewahi kukasirika maishani, lakini siku ile nilijua tofauti ya kukasirika na kuchukizwa. Alikuwa ananipa mama yangu ili ninyamaze kuhusu wanawake sita, na alikuwa ananipa kwa tabasamu, akiamini ni zawadi. Kibaya zaidi ni kwamba kwa muda, mfupi tu, nilihesabu. Nilimwona Mama Brigitte nyuma ya meza yake. Nikaona inatosha. Halafu nikanakili yale majina sita kwenye orodha, nikatoka.

Alhamisi soko lilijaa. Ackson Chibwe, mwenyekiti wa chama, alisimama juu ya kreti na kipaza sauti chake cha betri, akamkaribisha ba Bwembya. Ba Bwembya akasoma kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili, kwamba kutokana na hitilafu ya kompyuta sampuli namba saba imefutwa na Mama Brigitte hana kosa. Watu wakaanza kupiga makofi. Yule jirani wa meza alipiga kuliko wote.

Nikamwomba mwenyekiti kipaza sauti. Ba Bwembya alinishika kiwiko, nikautoa mkono wake.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Ilifanya vile tuliiambia. Mie njo nilisema neno mubaya, na miaka mbili sikuangalia. Kama haiko mama yangu, singeangalia hata leo. Haiko Brigitte peke yake. Bote saba balikuwa na pale."

Nikasoma majina sita, matano ya ng'ambo na moja la hapa hapa, la Tamara, ambaye walisema ameharibiwa na marafiki zake Wakongo. Nilisoma polepole. Makofi yalikuwa yamekatika kwenye jina la pili. Kufikia la sita kulikuwa na sauti ya injini za boti tu.

"Beko wapi?" Ackson akauliza umati. Hakuniuliza mimi, na alikuwa na haki.

Majibu yakaja moja moja kutoka huku na kule. Mmoja amerudi Pweto. Watatu hakuna anayejua. Tamara anauza mkaa barabarani, mume wake amemrudisha kwao. Arlène yuko kisiwani Kilwa, humu ziwani, anaanika chisense za watu wengine. Kila jibu lilipotoka, ba Bwembya alikuwa akiandika kitu kwenye simu yake. Alipomaliza aliniambia kwa Kiingereza kizuri kwamba nisirudi ofisini, vitu vyangu vitaletwa. Nikamwambia avilete sokoni, visomwe kwa kipaza sauti kimoja kimoja kama yale majina. Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka.

Ackson akatangaza kwamba hakuna atakayefukuzwa tena kwa karatasi ya mradi mpaka samaki apimwe akiwa na kichwa, mbele ya wanawake watatu wanaouza. Hilo lilikuwa la maana. Nikashuka, nikamfuata Mama Brigitte kwenye meza yake. Sitadanganya, nilitegemea anikumbatie. Nilikuwa nimepoteza kazi kwa ajili yake, nilikuwa nimesema ukweli mbele ya dunia nzima, nilijiona nimefanya kitu.

Yeye alikuwa anapanga vipande vyake upya, ngozi juu. Alipanga safu nzima kabla ya kuniangalia.

"Arlène alikuja ku biro yenu mu mwezi ya sita," akasema. "Alinielezea yeye mwenyewe. Alibeba pale nzima mu beseni, na kichwa yake, akasema mupime na hii, muone. Weye ulikuwa mule siku ile?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mwingine aliyekuwepo.

"Nilikuwa, mama."

"Ulimujibu nini?"

Nilikumbuka vizuri: mwanamke mwembamba, kitenge kimelowa maji ya beseni, samaki anazunguka ndani. Alizungumza haraka na mimi nilikuwa na kazi.

"Nilimwambia mashini haidanganye," nikasema. "Halafu nilifunga mulango, juu climatiseur ilikuwa inafanya kazi, baridi isitoke."

Mama Brigitte aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akachukua kipande kingine, akakipangusa, akakiweka mahali pake.

"Boti ya Kilwa inaondoka saa nane," akasema.